Mtoto Aliyenyamaza kwa Jina Langu

Siku ile nilikuwa natoka mtoni. Karai lilikuwa kichwani, na kwenye fundo la leso yangu kulikuwa na chembe ya dhahabu ndogo kuliko punje ya wimbi. Nilikuwa nimechuchumaa ndani ya maji tangu umande haujakauka, na mgongo haukuwa umenilalamikia hata mara moja. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea. Nilikuwa mzee, mume wangu nilishamzika, nywele zilikuwa nyeupe, na matiti yalikuwa yameshuka mpaka mahali ambapo hayana pengine pa kwenda. Lakini mwili ulikuwa mzima. Mahindi makavu nilikuwa nachoma na kutafuna kwa meno yangu mwenyewe. Uzi nilikuwa naingiza kwenye sindano bila kuita mtoto anisaidie macho. Kile kilima cha kutoka mtoni kuja kwetu, upande huu wa Malinya, vijana wanaochimba mashimo ya dhahabu walikuwa wanapumzika katikati. Mimi nilikuwa napumzika nikifika.

Nilipofika karibu na jikoni ya mke wa kitindamimba wangu, nikasikia naitwa.

Si kuitwa kwa mtu anayekutafuta. Niliitwa kwa sauti ya chini, polepole, jina langu la nyumbani, lile ambalo mamangu alinipa na ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelitaja tangu mume wangu afe. Na baada ya kuitwa, kukawa kimya. Mtoto mchanga aliyekuwa akilia ndani ya nyumba ile usiku na mchana, mpaka majirani wakawa wanafunga madirisha, alinyamaza. Halafu nikasikia sauti ya mdomo mdogo ukinyonya.

Niliyasikia hayo yote nikiwa nimesimama, maji yananidondoka kwenye miguu.

Kwetu mtoto akizaliwa na asitulie, akatae titi, alie mpaka kitovu kivimbe, watu hawaendi kwanza kwa daktari. Wanasema anatafutwa na mwenye jina. Kuna mtu wa ukoo aliyekufa anayetaka kurudi, na anamsumbua mtoto mpaka ajulikane ni nani. Kwa hiyo wanawake wakubwa wanakaa na kuyataja majina ya waliokufa, moja baada ya lingine. Jina likitajwa na mtoto akanyamaza, au akashika titi, hilo ndilo lake. Mwenyewe amefika. Anapewa, na halirudishwi.

Walikuwa wamemleta dada ya mume wangu kutoka Matungu alikoolewa, maana ndiye aliyekuwa anajua majina ya ukoo wote mpaka ya watu ambao makaburi yao yameshalimwa. Wifi yangu alikuwa amezeeka vibaya. Akili yake ilikuwa inatoka na kurudi kama kuku. Mke mwenzangu, yule mkubwa, alikuwa amekufa wakati mahindi yanatoa mbelewele, na wifi alipoletewa habari hiyo, kichwa chake kikachukua kifo kikanipa mimi.

Nikaingia mlangoni. Wanawake waliokuwa ndani wakaniangalia, na jirani mmoja akaziba mdomo wake na leso. Wifi yangu alinitazama kwa muda mrefu, bila aibu yoyote, kama mtu anayetazama ng'ombe mnadani.

"Mimi nilijua ulishaenda," akasema.

"Nilienda mtoni," nikamwambia.

"Siyo mtoni."

Hakuna aliyecheka. Leo ukisimulia watu wanacheka, mimi mwenyewe nacheka. Siku ile mke wa mwanangu alikuwa amemshika binti yake kifuani, mtoto ananyonya kwa pupa mpaka maziwa yanamwagika, na mama yake ananiangalia mimi kana kwamba nimekuja kuchukua kitu. Kwa sababu walikuwa wamesema mwenye jina anakuja kusimama mlangoni. Sasa mwenye jina alikuwa amesimama mlangoni kweli, na karai kichwani.

Mimi nilisema papo hapo kwamba mtoto alikuwa amechoka kulia, basi. Angetajiwa hata jina la jogoo angenyamaza. Lakini mtu anayesema hivyo akiwa ndiye mwenye jina, nani atamsikiliza? Walijaribu kutaja la mke mwenzangu aliyekufa. Mtoto hakuacha titi wala hakulia, na wakasema haikuhesabika, maana alikuwa amekwisha kuchukua.

Hivyo ndivyo nilivyorithiwa nikiwa hai.

*

Kuna jambo ambalo wanawake wa umri wangu hatusemi. Mwanamke akizeeka, jina lake linaondoka kabla yake. Kwanza unakuwa mama wa fulani. Halafu wajukuu wanakuwa wengi na unakuwa kukhu, nyanya ya kila mtu, mpaka muuza samaki anakuita kukhu. Wale waliokuwa wanakuita jina lako ni wazazi wako, mume wako, na wasichana mliooga nao mtoni, na hao mmoja mmoja wanaingia udongoni na jina lako mdomoni. Nilipoenda gumbaru, darasa lile la watu wazima, kitu cha kwanza mwalimu alichotufundisha kilikuwa kuandika majina yetu. Nililiandika langu nikalitazama, nikahisi nimekutana na mtu niliyekua naye zamani.

Na sasa nikawa nalisikia kila siku. Nikiwa napalilia mboga nyuma ya nyumba, nasikia nimejikojolea. Nasikia nimekataa uji. Nasikia ninaoga na ninapiga kelele sabuni ikiingia machoni. Mwanzoni niliitikia. Nilikuwa nainua kichwa na kusema, "Nipo," na mke wa mwanangu ananyamaza huko aliko. Baadaye nikajifunza kuacha. Ni kazi, kuzuia mdomo usiitikie jina lako. Jaribu wewe siku moja.

Hayo ningeyabeba. Lakini watu wetu wanasema kwamba majina hayagawanywi na watu wawili wanaopumua. Wanasema pumzi ni moja na mmoja anavuta kuliko mwingine. Mwaka ule wa kwanza nilishikwa na malaria nikalala kitandani, na wiki hiyohiyo mtoto akaanza kutambaa. Nikapona, nikalima sehemu yote ya chini mpaka kwenye mpaka wa miwa, na mtoto akaharisha. Mara mbili kama hizo zikitokea, watu hawahitaji ya tatu.

Mke wa mwanangu sitamsema vibaya. Alikuwa msichana wa Kabras, mchapakazi, mkimya, na alikuwa na sababu ya kuogopa. Miaka hiyo ya tisini tulikuwa tunazika vijana. Ule ugonjwa haukutajwa jina, watu walisema kifua, au walisema amerogwa, na kila Jumamosi ngoma ilikuwa inalia upande fulani wa kilima. Yeye alikuwa amemzika dada yake na kaka yake, wote wadogo kuliko kiatu changu cha zamani. Alipoolewa kwetu alikuwa hana mtu wa kurudi kwake isipokuwa mama mlemavu. Alichobaki nacho ni kile kitoto.

Na sisi wazee wazima tulikuwa tunaonekana katika matanga yale. Tunakaa kwenye nyasi, tunaimba, tunamenya ndizi, tunachota maji, na vijana wanalala ndani ya sanduku. Ukiinuka bila kushika kitu, unaona macho. Siku moja mlevi mmoja alisema waziwazi, mbele ya maiti ya mwanawe, kwamba kuna watu humu wamekalia zamu za wengine. Watu walimwambia anyamaze, lakini hakuna aliyemwambia amekosea. Nilirudi nyumbani nikaangalia mikono yangu. Ilikuwa na mishipa minene, na nguvu, na kwa mara ya kwanza niliionea haya.

*

Mtoni tulikuwa kikundi cha wanawake wazee tulioosha mchanga. Vijana walichimba mashimo, wakachukua jiwe zuri, na sisi tukapita nyuma yao na makarai kuokota walichodharau. Kulikuwa na mmoja aliyetuzidi wote umri, mrefu kama mti wa umeme, mjane wa watu wawili, anatafuna mkombero tangu asubuhi mpaka jioni. Tulimwambia huo mzizi ni wa wanaume wanaotafuta nguvu za kitandani. Akasema basi awekewe mwanaume tuone nani ataomba msamaha.

Yeye ndiye aliyenionyesha fimbo.

Kabla ya kuteremka mtoni kuna kichaka cha miti ya miiba. Wenzangu walikuwa wanatoka makwao wakichechemea, wameinama, wanaegemea fimbo, wanawasalimia watu njiani kwa sauti ya wagonjwa. Wakifika kwenye kile kichaka wanasimama wima, wanazitupa fimbo pale ndani, na wanateremka kwa miguu yao wakicheka. Jioni kila mmoja anachukua yake na kuanza kuugua tena. Ungepita pale mchana ukaona fimbo zimelala pamoja, ungedhani kuna vilema walioombewa wakapona wote.

Mimi sikutaka. Nilimwambia kwamba mwili huu haukuibwa, niliufanyia kazi, na sitauficha kama chang'aa polisi wakipita. Alinitazama akatema mate ya mkombero majini.

"Wewe una kiburi kwa sababu hujaogopewa bado," akasema. "Ukiogopewa na mtu unayempenda, utaitafuta fimbo mwenyewe."

Alikuwa sahihi, na haikuchukua muda.

Kwetu mtoto akishaacha kunyonya, anahamia kulala kwa nyanya yake. Watoto wote wa wanangu wengine walilala kwangu, kwenye mkeka mmoja, wakinikojolea na kunipiga mateke, na hapo ndipo nilipowafundisha majina ya ndege na ya watu. Nilimngoja huyu kuliko wote. Sijui nielezeje. Mtoto mwenye jina langu, nilitaka kumwona akilala. Nilitaka kujua kama analala kama mimi, na mkono mmoja chini ya shavu. Lakini aliachishwa titi, msimu ukapita, na hakuletwa. Nikatuma mtu kuuliza. Nikaambiwa ana kifua, baridi ya nyumba yangu si nzuri. Nyumba yangu ndiyo yenye joto kuliko zote, inapikiwa ndani.

Mwishowe mke wa mwanangu alikuja mwenyewe, na mwanangu nyuma yake anaangalia chini, na ndugu mdogo wa marehemu mume wangu kama shahidi. Alipiga magoti. Kwetu mke wa mtoto hupiga magoti akisalimu, lakini hakuinuka baada ya salamu.

"Mama, pumzika," akasema. "Nakuomba. Acha mto, acha jembe. Mimi nitakupikia, nitakuchotea. Wewe kaa tu. Ukikaa, yeye atapata nafasi."

Shemeji yangu akaongeza kwamba nikikaa mpaka mvua ndefu za mwaka unaofuata, na mtoto asiugue, wataona kwamba pumzi imemfikia, na hapo ataletwa alale kwangu. Walikuwa wameshaongea. Ilikuwa imeamuliwa kama mahari.

Ningeweza kuwafukuza. Nilimwangalia yule msichana, shingo yake imejikunja, anangoja, na nikaona kwamba anaomba ruhusa ya mtoto wake kuishi, na anaiomba kwangu, kana kwamba ninayo kwenye fundo la leso pamoja na dhahabu. Nikasema sawa.

*

Walinitengenezea kiti chenye mgongo nikawekewa mlangoni. Mwanangu alinichongea fimbo nzuri, laini, ya mti wa msituni, akaipaka mafuta. Nikakaa.

Wageni walinipongeza. Walisema sasa umepata heshima yako, kukhu, sasa unakula matunda ya wanao. Mke wa mwanangu alileta obusuma, ugali mlaini kama wa mtu asiye na meno, na ingokho, kuku aliyechemshwa mpaka nyama inajitoa kwenye mfupa. Alikuwa anafurahi akiniona nimekaa. Uso wake ulinona. Na mtoto, lazima niseme ukweli, mtoto alinona pia. Nilikuwa namwona ng'ambo ya ua akikimbiza kuku, tumbo mbele, na mama yake akiliita jina langu kwa sauti nyepesi ambayo hakuwa nayo zamani. Mtoto alikuwa akija mpaka kwenye mstari wa majivu ambao mama yake aliuchora katikati ya ua, anasimama, ananiangalia, anageuka. Alikuwa amefundishwa.

Nilikuwa naigiza mgonjwa. Mwili haukujua kwamba ninaigiza. Baada ya muda mfupi miguu ilianza kuvimba jioni. Magoti, ambayo sikuwahi kujua kwamba ninayo, yakaanza kuongea nikiinuka. Jino likavunjika kwenye chakula laini, wakati mahindi makavu hayakuliweza. Siku moja nikachukua sindano na uzi, na tundu halikuonekana. Nilikaa nimeshika vile vitu mpaka jua likaondoka mlangoni, na sikumwita mtu.

Na wengine wakaanza kuja. Mtu anayefanya kazi hatembelewi na wafu, hana nafasi. Nilipokaa, wakapata nafasi. Mchana kweupe, jua limewaka, nilikuwa namwona mke mwenzangu anapita kati ya migomba na kikapu chake, kama alivyokuwa anapita kila siku, haniangalii, maana hata tukiwa hai hatukuwa tunaangaliana. Mume wangu alikohoa nyuma ya nyumba, kikohozi chake cha tumbaku. Watoto wangu wawili waliokufa wakiwa wadogo nilisikia wakigombania mahindi ya kuchoma. Sikuogopa. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba sikuogopa. Niliwasogezea kiti kwa moyo.

Na kila mara, katikati ya hayo, jina langu linaitwa ng'ambo ya ua, na kitoto kinaitikia. Nikaanza kufikiri kwamba labda wifi yangu alikuwa ameona vizuri. Labda nilishaenda, na huyu anayekaa kwenye kiti ni kitu kilichosahauliwa nje, kama nguo kwenye kamba.

Rafiki yangu wa mtoni alikuja kunitazama. Alikuja na fimbo yake na kuchechemea kwake, akawasalimia watu wa boma kwa sauti ya kufa, na alipohakikisha kwamba hakuna anayemwona akainyoosha ile shingo yake ndefu akaniangalia kutoka miguu mpaka kichwa. Akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema hapana. Akabonyeza mguu wangu kwa kidole, shimo likabaki pale kwenye nyama, halikurudi.

"Sisi tulidanganya watu," akasema. "Wewe umejidanganya mwenyewe. Kufa utakufa, dada, hakuna anayekukataza. Lakini usife kwa adabu."

Aliniachia kipande cha mkombero nikitafune. Akaondoka akichechemea mpaka alipopita kona.

Hatukuonana tena. Mvua za vuli hazijaisha, walimkuta mtoni amechuchumaa kwenye maji ya magoti, mgongo umeegemea ukingo, karai limo mikononi na mchanga bado umo ndani. Waliokuwa karibu naye walidhani anachunguza kitu. Hakuwa ameugua hata siku moja, na kwenye matanga yake watu walilisema hilo kwa sauti fulani, kana kwamba ni mashtaka. Nilipelekwa nikikokotwa. Nikakaa kwenye nyasi na wagonjwa. Aliyekaa nyuma yangu alikuwa mmoja wa wenzetu wa mtoni, akaniinamia sikioni akaniambia fimbo ya marehemu bado iko kichakani, hakuna anayetaka kuigusa.

*

Homa ilikuja mvua ndefu zilipokuwa zinaanza kukaribia. Ilimshika mtoto asubuhi na mpaka jua kichwani alikuwa anatetemeka. Nasema hivi ili iwe wazi: mimi nilikuwa kwenye kiti. Nilikuwa sijashika jembe tangu mvua za mwaka uliopita. Sikuwa nimebeba hata mtungi.

Walimpeleka dispensari akaanza kudungwa sindano, na muuguzi akasema warudi kila siku mpaka ziishe. Siku ya pili homa ilikuwa bado, na mchana wake niliona wanawake wanaingia kwenye nyumba ya mwanangu, mmoja mmoja, wamefunga leso vizuri. Nikajua. Walikuwa wanakuja kutaja majina, wamtafutie mtoto lingine, waliondoe langu.

Wifi yangu wa Matungu alikuwa ameshakufa wakati huo, kwa hiyo jina la kwanza walilotaja lilikuwa lake. Mtoto akaendelea kulia. Wakataja la mke mwenzangu. Wakataja la mama mkwe wangu, aliyenifundisha kusonga ugali wa wimbi na aliyenipiga na mwiko. Mimi kwenye kiti changu nilikuwa nawaona. Kila walivyomtaja mtu, alikuwa anatokea kwenye ua, anasimama kwenye jua, ananingoja. Wakaanza kutaja vijana. Walimtaja binti wa shemeji yangu aliyekufa na mimba, na msichana aliyekuwa anatusomea barua kanisani, na mmoja niliyemzalisha mimi kwa mikono hii. Walijaa ua wote. Na mtoto analia, na hakuna aliyethubutu kunitaja mimi.

Sikuinuka kwa ushujaa. Niliinuka kwa hasira. Nilikasirika kwamba wote wale wametajwa na mimi peke yangu, niliye hai, ndiye ninayeogopwa.

Magoti yalipiga kelele. Fimbo niliiacha ikaanguka. Nilivuka ule mstari wa majivu, nikapita katikati ya wale wafu wote bila kumpisha mtu, nikaingia. Nikamwambia mke wa mwanangu anipe kikombe cha maji na anipe mtoto. Hakutaka. Nilimwona mikono ikikaza.

"Nimekaa," nikamwambia. "Umeniona nikikaa. Nimekaa mpaka miguu imeoza, na homa imekuja. Homa haikuuliza kama nimelima."

Akamwachilia. Alikuwa mwepesi, moto kama jiwe la mafiga. Nilikaa chini nikamweka mapajani, na nikalitaja jina langu kwa mdomo wangu, kwa sauti ya kawaida, kama unavyomwita mtu aje kula.

Akageuka akaniangalia. Wanawake wakashtuka, wengine wakashika vifua. Mimi sikushtuka. Mtoto aliyeitwa hivyo tangu azaliwe, akiitwa atageuka. Hata ndama hugeuka. Lakini macho yake yalipofika kwenye uso wangu yakakaa hapo, na kilio kikashuka kikawa kwikwi, na kwa kweli sijui la kusema juu ya macho yale.

Nilichukua maji mdomoni, nikamnyunyizia kifuani na kwenye paji la uso, kama wazee wanavyobariki. Nikasema mbele yao wote:

"Hili jina hukuniibia, na sikukukopesha. Nimekupa mimi mwenyewe, nikiwa hai, na meno yangu haya. Anayelitaka aje anidai mimi."

Halafu nikamwambia mama yake kwamba asubuhi nikitoka dispensari na mtoto nitapita mtoni, na kuanzia siku hiyo uji wangu nitaukoroga mwenyewe. Alikuwa analia, na alikuwa ameshika pindo la leso yangu kama mtoto sokoni.

Sindano zilimaliza siku zake na homa ikashuka. Mke wa mwanangu anasema ni mate yangu. Mimi nasema ni sindano. Tumebishana juu ya hilo mpaka leo, na ninaona amekuwa mbishi kunishinda.

Kurudi kwenye kazi hakukuwa rahisi. Mwili ulikuwa umejifunza kukaa na ulihitaji kukaripiwa. Jino halikurudi. Tundu la sindano silioni tena, naita mtoto. Kile kilima sasa napumzika katikati, karibu na wachimbaji, wananitania. Kwenye kichaka nimesimama mara nyingi nikaitazama ile fimbo ya rafiki yangu, mchwa wameanza kuila upande mmoja. Sijaigusa wala yangu sijawahi kuiweka pale. Ninapita hapo mkono mtupu, na wanaotaka kuniangalia waniangalie.

Mvua zilipoanza, mtoto alivuka ua peke yake, amebeba mkeka wake umeviringwa, mrefu kumzidi, unamwangusha kila hatua. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni kwake anamtazama tu. Mtoto analala chali, mikono imetupwa huku na huku. Halali kama mimi hata kidogo.

Jioni moja tulikuwa mlangoni tunamenya maharagwe mabichi, jua limelala kwenye miwa. Upande wa mtoni mtu akaita. Niliisikia vizuri sana. Ilikuwa sauti ya mwanamke, nene kidogo, ya mtu anayeongea na kitu shavuni anachokitafuna. Aliita jina letu.

Mtoto akaweka maharagwe chini akasimama.

"Kukhu, naitwa."

Nilimshika mkono nikamkalisha. Nikamwambia akiitwa kutoka nyumbani kwao aitikie mbio, huyo ni yeye. Akiitwa kutoka shuleni, kutoka kanisani, kutoka barabarani, aitikie. Lakini akiitwa kutoka mtoni, asiitikie kamwe, huyo si yeye. Huyo ni mimi.

Alifikiria. Sauti ikaita tena, haina haraka.

"Mbona wewe huitikii?"

Nikamwambia maharagwe bado, amenye.